Kufuma mtandio wa matundu kwenye basi la Moshi–Lushoto, na woga wa bonde

NyuziZaMajengo, Moshi
Habari wadau. Nakwenda Lushoto kwa basi nikiwa na mtandio wa pembetatu, uzi mwembamba, sindano za milimita 4. Kuanzia Mombo barabara inapanda kando ya bonde na mimi naogopa sana kutazama chini. Nataka mikono iwe na kazi. Inawezekana kufuma hadi mwisho? Vitanzi vikichomoka je?

SindanoMbili, Arusha
Dada, beba sindano za mianzi zilizounganishwa kwa waya. Za chuma zinateleza, tuta moja tu vitanzi vinatoka. Fuma Moshi hadi Mombo, lakini kabla hujafika weka uzi wa akiba: chukua uzi laini wa kushonea wa rangi tofauti, upitishe kwa sindano butu ndani ya kila kitanzi, ila usiupitishe kwenye alama, vile vipete vya sindanoni vinavyotenga sehemu za mchoro. Acha ncha ndefu pande zote mbili.

Kitanzi kikitoka usivute kitambaa, kishike kwanza kwa pini. Kimeshakimbia mbali? Chomoa sindano, fumua. Kazi itasimama kwenye uzi wa akiba. Rudisha sindano kwa kuufuata uzi huo, kisha hesabu.

Mama Nyuzi
Naongeza hapo: uzi wa akiba uwekwe kwenye mstari wa kinyume, ule usio na matundu. Kila tundu linaongeza kitanzi kimoja na kila "viwili pamoja", yaani vitanzi viwili kufumwa kama kimoja, kinapunguza kimoja. Ukiuweka katikati ya mchanganyiko huo hutajua kipi ni kipi. Mitandio mingi ya pembetatu huongezeka vitanzi 4 kila mistari 2. Hesabu isipofika, mara nyingi ni tundu lililosahaulika, basi litafute kati ya alama na alama.

Kilele
Mimi nasema Mombo sindano ziingie mkobani, ncha zifungwe mpira. Kwenye kona masikio yanahisi gari linageuka huku macho yameganda kwenye uzi uliotulia, na hapo ndipo kichefuchefu kinapoanza. Kikiungana na woga utateseka bure, dada yangu.

Omba kiti cha mbele, upande wa njia ya katikati, utazame lami kupitia kioo cha mbele. Bonde linatisha kwa sababu macho, yanayousaidia mwili kujua umesimama wapi, yanakosa kitu cha karibu cha kujishikiza. Kwa hiyo kandamiza nyayo sakafuni, shika chuma cha kiti, vuta pumzi ukihesabu 4 na uitoe ukihesabu 6.

NyuziZaMajengo, Moshi
Asanteni. Na mikono ikikataa kutulia?

Mama Nyuzi
Anzisha kitambaa kingine, vitanzi 20 vya kawaida, uzi mnene, sindano za milimita 6. Hicho vidole vinakifuma kwa kupapasa, macho yabaki barabarani. Mtandio utaendelea ukishateremka Lushoto.