MREJESHO: Kile kitambaa cha babu chenye kichwa cha kifaru

Wakuu, niliuliza maana ya kitambaa chenye kichwa cha kifaru nilichokikuta kwenye sanduku la marehemu babu, aliyekuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Mliosema ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mlipatia. Nilimpelekea bibi, akakishika kimya, kisha akasema, "Hicho cha Burma." Kumbe babu ni katika wale waliopigana Vita Kuu ya Pili huko Burma (Myanmar ya leo), wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944, matope na malaria, hadi kuvuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Ndiyo maana mvua ya usiku ilikuwa inamtoa kitandani, anakaa barazani mpaka ikatike. Sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka. Kitambaa chenyewe bibi hajanirudishia, amekifunga kwenye pindo la khanga yake.