Tupeane uzoefu: mbolea ya ruzuku Trans Nzoia, Kenya, nani huipata na nani huachwa?

Mwanzisha mada
Habari za shamba, wakulima wenzangu. Mfuko wa kilo 50 uliposhuka hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, wengi walidhani iliyobaki ni kazi ya kubeba tu. Kumbe vocha, yaani ujumbe wa simu wa kukuruhusu kuinunua, humfuata aliye kwenye KIAMIS, sajili ya serikali ya wakulima, hata kama jembe linashikwa na mwingine. Tuelezane hatua na mitego mapema, mvua za Machi hazimngoji mtu.

Ekari Mbili
Usajili ni kwa chifu au naibu wake. Nenda na kitambulisho, namba ya simu, ukubwa wa shamba na zao unalolima. Kabla hujaondoka, omba usomewe ulichoandikiwa, tarakimu kwa tarakimu. Mwenye ekari mbili akiandikiwa nusu, mifuko yake itahesabiwa kwa nusu ekari. Namba ya simu ikikosewa, ujumbe wa vocha unaangukia kwa mtu baki. Ukibadilisha laini, rudi kwa chifu kabla ya msimu.

Shamba la Kukodi
Wanaoumia zaidi ni wanaokodi na akina mama. Mwenye ardhi hujisajili kwa shamba lile lile, na mkodishwaji akifika anaambiwa limeshaandikwa. Kwa hiyo, siku ya kupatana kodi, patana pia nani atasajiliwa, na mwende kwa chifu pamoja. Nyumbani nako, jina ni la mume aliye mjini: vocha inalia kwenye simu yake huko, mke yuko ghalani na pesa mkononi lakini hana ujumbe wala kitambulisho kinacholingana. Asajiliwe anayelima. Huu ndio uonevu unaoniuma kuliko bei yenyewe.

Mbegu na Udongo
Ukishaipata, ipime. Mahindi ya sentimita 75 kwa 30 yana mashimo karibu 18,000 kwa ekari, kwa hiyo mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia, ni takribani gramu 3 kwa shimo, kama nusu kifuniko cha soda. Funika na udongo kidogo kabla ya mbegu, la sivyo mbegu inaungua. CAN, mbolea ya kukuzia, ingoje mahindi yafike magotini na udongo uwe na unyevu. Udongo wetu mwingi una tindikali na DAP huiongeza, hivyo upimwe, chokaa ikihitajika itangulie.

Mwenye Kijiko
Tangu mifuko ya mbolea bandia iliyouzwa 2024, jaribuni hivi: punje za mbolea kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji, koroga, subiri. DAP huyeyuka na kuacha mashapo machache; mchanga hutulia chini na kukwaruza vidole. Ila msiishtukie CAN, ina chokaa, tope jeupe lazima libaki. Risiti na mfuko wenyewe visitupwe mpaka mavuno, hata kama mfuko umetoboka.

Ekari Mbili
Nyongeza kuhusu nauli: ukitozwa 400 kwa kila mfuko wa 2,500 kutoka ghalani, bei yako ni 2,900. Majirani watano wenye vocha wakichanga gari moja, gharama inapungua, ila kila mmoja aende na kitambulisho chake.