Tupeane uzoefu: tairi za misimu yote kwa Forester, CX-5 na ndugu zake hapa Tanga

MgosiWaPongwe
Wagosi, habari za jioni. Pale njia panda ya Segera kuna Forester ya turbo imekaa pembeni tangu asubuhi. Tairi ya nyuma kushoto imebaki waya na vipande vya raba. Tatu zilizobaki zina meno marefu kabisa, ukizitazama kwa mbali unaweza kusema ni mpya, ila ubavuni pameandikwa STUDLESS. Gari imeshuka melini nazo, mwenyewe akaona bado nzima akaamua azimalize kwanza.

Nimeona tufungue uzi. Yeyote anayezijua hizi gari za juu zenye mwendo (Forester, CX-5, Tiguan, Dualis, X-Trail) amwage alichokiona kwenye tairi: saizi gani, ilikufaje, na kwa nini. Tunatafuta tairi moja ya mwaka mzima. Istahimili jua la Januari, ishike lami ya masika, na siku ya kupanda milima ya Amani isikuache njiani.

FundiChumbageni
Hilo la studless lingeandikwa ukutani bandarini. Ile ni tairi ya barafu. Raba yake imechanganywa ili ibaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na kila jino limekatwa mikato myembamba kama ya wembe ili ing'ate theluji. Sasa ipeleke kwenye lami ya saa saba mchana inayozidi nyuzi 50. Meno yanalala, yanasuguana, joto linapanda mpaka ndani kwenye mikanda ya waya, gundi inaachia, ganda la juu linabanduka. Na msidhani mvua inaisaidia, kwa sababu jino laini linajikunja ukikanyaga breki na gari inaendelea kwenda.

Namna ya kuijua: neno STUDLESS lenyewe, mikato mingi kila jino, na herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake isikutishe, hata tairi za misimu yote na zile za vumbi na lami huwa nayo. Alama ya mlima wenye nyota ya theluji nayo siku hizi ipo hata kwenye baadhi ya tairi za misimu yote. Angalieni mikato, na mguse raba kwa ukucha: ya barafu inabonyea.

Kusi_na_Kaskazi
Kweli kabisa kuhusu Q. Turbo inataka H (210) au V (240).

DerevaWaMombo
Mmenikumbusha ile ya Soni, mwezi wa tano. Niielezee yote kwa sababu kila kosa limo ndani yake.

Forester SJ (kizazi cha nne), tairi 225/60R17, yaani upana mm 225, ubavu asilimia 60 ya upana, rimu ya inchi 17, inashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Mvua ya rasharasha, ile mbaya kuliko kubwa, maana inachanganya vumbi na mafuta ya malori bila kuyaosha. Mwenye gari alikuwa na hela ya tairi mbili tu, akafunga mpya mbele, zenye meno ya 8 mm. Nyuma zilibaki kuukuu, zilipopimwa baadaye zilikuwa na 2 mm. Mwendo haukuwa mkubwa, kama 50. Kona ya kushoto, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili. Mbele iliposhika vizuri, dereva akaamini barabara. Katikati ya kona akaona lori linapanda, akaachia mafuta ghafla. Uzito wote ukaja mbele, nyuma ikawa nyepesi, ile mifereji ya 2 mm ikashindwa kutoa maji. Mkia ukatoka. Akakata usukani kinyume, mkia ukarudi kwa nguvu upande wa pili, gari ikazunguka karibu nusu duara ikaingia mtaroni upande wa mwamba, kwa nyuma. Taa, bampa, rimu moja ikapasuka. Kona hiyohiyo ingeisukuma upande mwingine, hapo chini huoni hata paa la nyumba, unaona miti tu.

Walikuwa watu wanne na mtoto. Wote walitoka wenyewe.

BintRaskazone
Alhamdulillahi. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda?

DerevaWaMombo
Alikuwa kwenye kiti chake cha mtoto, nyuma katikati. Hakupata hata mkwaruzo.

Kusi_na_Kaskazi
Lori lilisimama?

DerevaWaMombo
Lilisimama, na kamba ya kuivuta ilitoka kwenye lori hilohilo.

Mpangani
Samahani kaka, lakini mpya mbele ndivyo inavyotakiwa. Mbele ndiko kwenye usukani, breki nyingi na uzito wa injini. Mafundi wote mjini wanafunga hivyo. Tatizo hapo ni dereva kuachia mafuta kwenye kona.

FundiChumbageni
Mpangani, mafundi wengi wanafunga hivyo na wanakosea, niseme wazi. Mbele ikiteleza, usukani unakuwa mwepesi mkononi, dereva anahisi, anapunguza, gari inaenda moja kwa moja huku ikipoa. Nyuma ikiteleza hakuna onyo, na ukishaona mkia umeshachelewa. Zenye meno marefu ziende nyuma, hata kama gari inavutwa na miguu ya mbele. Dereva kuachia mafuta ni kitu kila mtu atafanya akiona lori. Tairi ndiyo inatakiwa imsamehe.

Mpangani
Na zile za nyuma zikikaa miaka minane na 6 mm zao? Za mbele ndizo zinaisha.

FundiChumbageni
Ndiyo maana ya kuzungusha kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Ziishe pamoja, zinunuliwe pamoja.

MzeeWaMabokweni
Vijana, mnabishana mbele au nyuma na hiyo gari ni ya miguu yote minne. Kwa Forester hilo swali halipo. Ni nne au usubiri.

Hesabu yenyewe ni hii. Tairi ikipungua 1 mm ya meno, mzingo wake unapungua kama 6 mm. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi isizidi robo inchi, ambayo ndiyo hiyo 6 mm. Gari ya Soni ilikuwa na tofauti ya 6 mm ya meno, karibu 38 mm za mzingo. Kila mzunguko wa gurudumu, mbele na nyuma haviendi sawa, na tofauti hiyo inamezwa na klachi zilizo nyuma ya giaboksi. Zinachemka, zinaisha. Dalili yake: kunja usukani mpaka mwisho kwenye uwanja mtupu, tembea taratibu. Gari ikijivuta na kurukaruka kama imeshikwa breki, anza na tairi. Oili chafu ya giaboksi huleta dalili hiyohiyo, lakini kupima tairi ni bure.

Msiokuwa na kipimo: chomeka njiti ya kiberiti kwenye mfereji, weka alama ya ukucha, ipime kwenye rula. Pimeni sehemu tatu kwa upana, ndani, katikati na nje. Ndani ikiwa imeliwa peke yake, alaimenti au bushi zimekwisha, na tairi mpya utazila hivyohivyo.

CX-5 na Dualis nyingi zilizoingia ni za miguu ya mbele tu, hizo mnaweza kununua mbilimbili. Hapo ndipo ufuate alichosema fundi.

Kusi_na_Kaskazi
Shikamoo mzee. Hiyo ya njiti imeingia.

MgosiWaPongwe
Marahaba ya mzee ataitikia mwenyewe. Turudi kwenye tairi za kununua jamani. Mtumba wa Japani au mpya?

DerevaWaMombo
Mtumba mzuri wa Japani unaushinda mpya wa bei ya kutupa. Raba bora, waya imara.

FundiChumbageni
Inategemea tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na DOT. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kwenye rundo la mtumba unakuta 1214, meno 7 mm, inang'aa kwa kupakwa dawa. Raba imekauka, ikamate ubavu uikunje, unaona nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi. Hiyo kwenye lami yenye maji ni kama sabuni. Tairi ikifika miaka 6 ichunguzwe kila mwaka, ikifika 10 itolewe hata kama haijatembea. Na mpya nayo isome: duka linaloianika nje juani miaka mitatu linakuuzia tairi iliyoanza kuzeeka. Tarakimu zinaweza kuwa upande wa ndani wa tairi, mwambie ainue uone.

Kwa joto letu kuna maandishi mengine watu hawayasomi: TREADWEAR, TRACTION, TEMPERATURE. Hayapo kwenye kila tairi, lakini yakiwepo, TEMPERATURE iwe A. TRACTION A au AA, hiyo ni breki kwenye maji. TREADWEAR 500 inadumu kuliko 300, ila ile ya 300 kwa kawaida inashika zaidi. Mimi kwa gari ya familia yenye mwendo nashauri 400 hadi 500, mifereji minne mipana inayozunguka tairi nzima. Mifereji hiyo ndiyo inatoa maji ya masika.

Mpangani
Na zile za meno makubwa, za lami na vumbi? Huku kwetu bado kuna vipande vya barabara mvua ikinyesha ni tope.

FundiChumbageni
Kama wiki nzima uko Tanga, Muheza na Korogwe, hapana. Ni nzito, zinapiga kelele, zinakula mafuta, na breki yake kwenye lami yenye maji ni ndefu zaidi. Kama unapanda Amani kila wiki ndani ya masika, chukua zile za meno ya wastani, nne zote, na uendeshe ukijua hivyo.

MzeeWaMabokweni
Marahaba wanangu. Saizi msizichezee. SJ yenye 225/60R17 ina kipenyo cha 702 mm. Watu wanaifunga 225/65R17 ili iinuke, inakuwa 724. Dashibodi inasema 80, wewe uko karibu 83, na kona ikikatwa tairi inagusa plastiki za ndani. CX-5 ina saizi mbili za kiwandani, 225/65R17 na 225/55R19. Vipenyo vinakaribiana sana, lakini ubavu wa ya 17 una 146 mm na wa 19 una 124. Kwa mashimo yetu chukueni 17. Rimu ya 19 ikipiga shimo inapinda na ubavu unatoa nundu. Nundu haizibwi, nyuzi za ndani zimekatika.

Namba ya uzito nayo: 102H inabeba kilo 850 kila tairi, 98H kilo 750. Msishuke chini ya iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

BintRaskazone
Kuna ugonjwa wa huku pwani hamjautaja. Tairi inapungua upepo kidogo kidogo, 3 psi kwa wiki, ukiitumbukiza kwenye beseni huoni msumari. Ni chumvi. Rimu za aluminiamu zinafanya unga mweupe pale tairi inapokaa, upepo unapita hapo. Tairi itolewe, ukingo wa rimu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka metali ionekane, ufutwe, upakwe dawa ya kuziba ukingo, na valvu ya raba ibadilishwe, ni bei ndogo. Wakikuambia watie tyubu, kataeni. Tyubu ndani ya tairi isiyo yake inasuguana na kuchemka, na ikitobolewa inaisha upepo mara moja badala ya taratibu.

Kusi_na_Kaskazi
Na pancha ya kamba?

BintRaskazone
Kamba ikufikishe nyumbani. Dawa ni kiraka cha ndani, tena kwenye sehemu inayokanyaga tu, tundu lisizidi 6 mm. Ubavuni hakuna kiraka.

Mpangani
Mchanga wa ufukwe wa Ushongo: shusha upepo mpaka 18 psi, usikate kona kwa nguvu, na ujaze kabla ya kugusa lami. Wengi wanasahau hiyo ya mwisho.

DerevaWaMombo
Hao ndio nawaona wamepasuka. Upepo mdogo, watu watano, kilomita 100 kwa saa juani. Ubavu unakunjwa na kukunjuka mpaka unaiva. Kibandiko cha Kijapani kikisema 230 kPa, hiyo ni psi 33, ipimwe asubuhi kabla gari haijatembea. Ukipima sheli baada ya safari utakuta 37 hivi. Msitoe! Ni joto tu, ikipoa inarudi.

FundiChumbageni
Jambo la nati kabla sijafunga gereji. Subaru na Nissan nafasi kati ya nyuzi za nati ni 1.25 mm. Toyota na Mazda ni 1.5. Zote ni unene wa 12 mm, zinaingia mizunguko miwili ukidhani ni sawa, kisha mashine ya upepo inalazimisha na stadi (bolti ya gurudumu) inakufa. Anzeni kwa vidole mpaka nati ikae, halafu kaza kwa msalaba, na rudieni kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kusi_na_Kaskazi
Spea je? Forester nyingi zina ile nyembamba.

MzeeWaMabokweni
Ile nyembamba inataka psi 60, si 33. Imeandikwa ubavuni kwake. Mwendo mwisho 80. Zile otomatiki za zamani zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD chini ya boneti, chomeka fyuzi hapo ukiwa kwenye spea ili nyuma isivutwe, ukirudi kwenye tairi kamili uichomoe. Na usiifunge mbele kwenye gari hizo. Tairi ya nyuma ihamie mbele, spea ikae nyuma.

MgosiWaPongwe
Mzee, ndiyo maana ile Forester ilikuwa bado pale Segera. Spea waliishusha, wakaifunga, ikalala chini. Geji ya dereva wa lori ilisoma 14.