Mjadala: Abasia ya Lacock ivuliwe ukasri au iachwe ilivyo?

Mleta mada: Wakuu, Abasia ya Lacock, Wiltshire, Uingereza, ilianzishwa 1232 na Ela wa Salisbury, mjane, kwa ajili ya watawa wa kike. Mfalme Henry VIII alipofuta nyumba za watawa ikafungwa 1539. Mwaka uliofuata William Sharington akainunua kwa paundi 783, akabomoa kanisa, akajifanyia makazi ya kitajiri na mnara wa pembe nane. Huyu huyu 1549 alikamatwa kwa wizi kwenye kiwanda cha sarafu cha Bristol. Mimi nasema nyongeza za baadaye ziondolewe, tubaki na nyumba ya watawa.

Fundi Chokaa: Wizi wa sarafu hauhusiani na ukuta, mkuu. Watawa walilala ghorofani upande wa mashariki na kula ghorofani kaskazini. Sharington akahamia huko huko juu, chini hakuhangaika napo. Ndiyo maana baraza zenye kuba na chumba cha mikutano vipo hadi leo. Wilton, mkoa huo huo, ilikuwa nyumba ya watawa pia, ikamezwa karibu yote na jumba jipya. Mwizi wako ndiye aliyetubakizia.

Mleta mada: Sawa, mnara ubaki. Yale madirisha makubwa ya kusini je? Ukuta ule wa kusini wa nyumba ndio uliokuwa ukuta wa kaskazini wa kanisa lililobomolewa! Zibeni.

Fundi Chokaa: Kuziba si kupachika mawe tu. Kwanza uegemeze ukuta wa juu, halafu ujenge kwa chokaa, safu chache kwa siku, maana chokaa hushika polepole. Mwenye haraka hutia saruji. Saruji haipitishi unyevu, kwa hiyo maji hutafuta njia ndani ya jiwe, na baridi ikiyagandisha uso wa jiwe unamenyeka.

Lenzi: Na mnaziba nini? Madirisha hayo yaliwekwa na William Henry Fox Talbot, mwenye nyumba hiyo baadaye na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Agosti 1835 alipiga picha ya mojawapo kutoka ndani, na hiyo ndiyo negativu (picha ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye giza peupe) ya kamera kongwe kuliko zote zilizobaki duniani. Kipande chenyewe kidogo kama stempu. Talbot aliandika kwamba ilipokuwa mpya, kwa msaada wa lenzi uliweza kuhesabu vioo vya dirisha, kama 200.

Mleta mada: Hapo mmenibana. Basi angalau misingi ya kanisa ichimbuliwe, watu waione.

Fundi Chokaa: Msingi ukifukuliwa unaanza kuliwa na mvua na baridi, na ardhi ya kanisa kwa kawaida ina makaburi. Kata nyasi fupi ndani ya mstari wa kanisa, nje ziache ndefu. Kiangazi kikikaza, nyasi zilizo juu ya mawe hunyauka mapema, ramani inajichora yenyewe.

Mleta mada: Na Ela? Jiwe la kaburi lake limewekwa barazani, wakati yeye ndiye mwenye nyumba.

Lenzi: Hapo niko nawe.