Tupeane uzoefu: ni nini kilikusukuma upunguze sumu nyumbani?

MamaMapacha, Kawempe
Wadau, salaam. Kuna maneno nimeyasikia mpaka yamenichosha, eti kuishi bila sumu ni mambo ya Wazungu wa Kololo na ya wenye pesa ya kununua sabuni ghali. Mimi naona kinyume. Anayekula sumu nyingi Uganda hii ni yule anayepikia ndani ya chumba kimoja, ananunua nyanya za fungu, na anachoma taka nyuma ya nyumba kwa sababu gari la taka halifiki mtaani kwake. Basi tusimuliane: ulibadili nini, na kilichokusukuma ni afya, mazingira au mfuko? Wenye dawa za kusafisha tumbo naomba mkae mbali, maana najua mtakuja.

Naanza mwenyewe. Kwangu ilikuwa sigiri, jiko letu la mkaa. Tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga, na msimu wa mvua kila mtu huingiza sigiri ndani, anapika na kuota moto humo humo. Jirani yangu aliamka alfajiri anatapika, kichwa kinamuuma vibaya, mtoto wake amelegea hajitambui. Wengine wakasema malaria, wengine wakasema wamelogwa. Kliniki nesi akauliza swali moja tu: mlilala na sigiri ndani? Watu tunadhani mkaa ukishashika na moshi ukaisha basi umekuwa salama, kumbe hata hapo bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Walipona, alhamdulillahi.

Tangu hapo napikia barazani hata mvua inyeshe vipi. Maharage naloweka usiku ili yasimalize mkaa. Nikajikusanya nikapata jiko dogo la gesi la chai na mayai. Gesi kwa kila kitu siwezi, tusidanganyane.

Stage_Nakawa
Mimi nyumbani silali na sumu, yangu iko barabarani. Jioni Jinja Road ukipenga makamasi yanatoka meusi. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, AirQo, ulioanza 2015, wanaweka vifaa vidogo vya kupima hewa mjini, na vingine walivifunga kwenye boda zetu. Unaangalia kwenye simu hewa ya mtaa wako ikoje. Shirika la Afya Duniani linasema lile vumbi laini, PM2.5, wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kampala tunaupita mpaka huo mbali sana.

Nimehamia pikipiki ya umeme. Sababu ya kwanza ilikuwa bei ya petroli, siwadanganyi. Mapafu niliyafikiria baadaye.

Hajati_wa_Oluwombo, Old Kampala
Wanangu, mimi napika harusini na matangani, kwa hiyo nitasema ya sufuria.

Matooke kama tulivyorithi hufungwa kwa majani ya mgomba, chini unapanga vikonyo ili yasiguse maji, yanaiva kwa mvuke taratibu. Mjini majani yamekuwa ya kununua, na kaveera, mifuko ya plastiki, ni bei ya bure. Ndiyo maana ukifunua sufuria nyingi za mahotelini leo unakuta kaveera nyeusi imenata kwenye chakula. Ile nyeusi mara nyingi ni plastiki iliyoyeyushwa upya, hujui mwanzo ilikuwa chupa ya nini. Mvuke unaipiga saa nzima na zaidi, na vile vitu vinavyotiwa kwenye plastiki vinaweza kutoka na kuingia kwenye chakula. Sheria ya kukataza kaveera ipo tangu 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia kukataza nyembamba zile za chini ya mikroni 30. Nenda soko la Owino kesho uone sheria hiyo inavyofuatwa.

Kilichonisukuma ni mteja. Mama wa bibi harusi alikuja mpaka jikoni, akafunua sufuria ya mpishi mwenzangu, akafunika tena bila kusema neno, akaja kwangu. Kuanzia siku ile nikaandika kabisa kwenye karatasi ya bei: majani tu. Nimepandisha kidogo, na ndugu yangu wa Luweero hunipakilia mafungu ya majani kila Ijumaa. Wako wanaonikimbia kwa sababu ya bei. Wanaobaki wananitosha.

Kijana_wa_Ggaba
Hajati, heshima zako, lakini tumekula matooke ya kaveera tangu shule ya bweni na tuko wazima. Mnatutisha bure.

Hajati_wa_Oluwombo
Sikutishi, mwanangu. Njoo nikupe sahani mbili, moja ya majani na moja ya kaveera, ufumbe macho uonje. Mambo ya madhara mwilini tutawaachia madaktari.

Nyanya_za_Sironko
Naomba nafasi, yangu ni ndefu.

Kabla sijapata kipande changu nilikuwa kibarua wa kupuliza dawa kwenye mashamba ya nyanya huku chini ya Mlima Elgon. Nyanya ni zao la roho mkononi. Mvua ikinyesha mfululizo, ugonjwa wa majani unafagia shamba lote, na mwenye shamba amekopa. Kwa hiyo anapuliza mankozebu, dawa ya ukungu, leo, anapuliza tena kesho kutwa, na mpaka asubuhi ya kuvuna anapuliza, kwa sababu wachuuzi wanaamini nyanya yenye unga mweupe haiozi haraka sokoni. Kwenye pakiti zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, lakini zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na lori la mnunuzi limeshaegeshwa barabarani linapiga honi.

Kazi hiyo tulifanya na kandambili. Bomba linavuja mgongoni, upepo unarudisha dawa usoni. Jioni ngozi inawasha, macho mekundu, tunapewa maziwa eti yanakata sumu. Hayakati. Ila ukikataa maziwa unaonekana una dharau, basi tunakunywa.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoiruhusu tena mankozebu. Sisi tunaipata dukani kama chumvi. Na jambo wengi hawalijui: ikipata moto, sehemu yake hugeuka kuwa kitu kinaitwa ETU, ambacho kinasumbua tezi ile ya shingoni. Kwa hiyo msiseme mchuzi umechemka basi yameisha. Osheni kabla ya kukata, kwa maji yanayotiririka, huku mkisugua kwa mkono. Dawa hii hukaa juu ya ganda zaidi kuliko ndani, kwa hiyo sehemu kubwa inaondoka. Hilo halina gharama, fanyeni leo.

Kwangu sasa napanda kwa nafasi, kila mche na mti wake, majani ya chini yanayogusa udongo nayatoa. Msimu huu nyanya, ujao maharage, na viazi ulaya havikanyagi palipotoka nyanya, ni ukoo mmoja na ugonjwa mmoja. Dawa bado natumia, ila naacha siku zake ziishe ndipo nivune. Mavuno yangu ni madogo kuliko ya jirani na sokoni Mbale bei ni ile ile, hakuna anayejua ya kwangu ni ipi. Wanaosema kilimo safi kinalipa watuambie kinalipa wapi. Mimi nafanya kwa ajili ya mgongo wangu na watoto wanaochuma njiani wakitoka shule.

Halafu makopo ya dawa. Kopo likiisha lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba yapulizwe shambani, kisha litobolewe. Huku nimeona watu wanatilia humo mafuta ya kupikia na waragi, pombe yetu kali.

Msusi_wa_Arua
Kaka wa Sironko, hiyo ya waragi umenimaliza.

Mimi nasuka na kuremba maharusi. Bibi harusi anakuja miezi michache kabla, anataka awe mweupe kwenye picha. Anatoa kwenye pochi kopo la krimu lisilo na jina la kiwanda. Zamani nilikuwa sina neno la kumwambia zaidi ya Mungu amekuumba vizuri, na hilo halimzuii mtu.

Sasa namweleza inavyofanya kazi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana uso unabadilika haraka. Inapenya mpaka kwenye figo. Na haibaki kwa mpakaji peke yake: iko kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mtoto anayelalia kifua chako. Hapo ndipo wengi hunyamaza, kwa mtoto. Tazama kopo: ukikuta mercury, mercuric au calomel, rudisha. Kama limeandikwa usivae dhahabu au fedha unapopaka, rudisha pia, maana zebaki hushika madini hayo. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2019, na mkataba huo unapiga vita krimu hizi, ila mpaka wetu hapa una njia nyingi za panya.

Ninachowapaka ni mafuta ya shea ya huku kaskazini. Ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, yanayeyuka mkononi. Hayang'arishi mtu, na namwambia mapema asije kunidai. Linaloniuma ni kwamba mti wa shea unachukua miaka mingi kuanza kuzaa, na wanaukata wachome mkaa kwa asubuhi moja.

Mchekechaji, Busia
Umetaja dhahabu. Huku machimboni zebaki tunaishika kwa mikono. Inakusanya chembe za dhahabu kwenye mchanga, unapata kidonge, unakichoma, zebaki inapaa kwa mvuke na dhahabu inabaki. Watu wanachomea kwenye sigiri ile ile ya kupikia posho, yaani ugali! Mvuke ukipoa unatua kwenye sufuria, kwenye mabati, kwenye unga.

Mke wangu alipokuwa mjamzito mama wa afya aliniambia zebaki hufika kwa mtoto tumboni na kugusa ubongo wake. Tukajichanga watu wachache tukapata kifaa kilichofungwa kinachokamata mvuke, na zebaki inarudi tunaitumia tena, kwa hiyo hata mbahili anaelewa. Nguo za mgodini hazilali chumbani.

Muuza_Mkaa_Bweyale
Nimesoma kimya, sasa naona nasemwa. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kukataza mkaa wa biashara kaskazini. Sawa. Aliyekuja baada ya amri kuleta umeme wa bei ya maskini ni nani? Mama wa Kawempe mwenyewe kasema gesi haiwezi. Mkaa hauchomwi kwa sababu tunachukia miti, unachomwa kwa sababu Kampala inapika.

Nami nimebadilika kidogo, kwa biashara. Vumbi la mkaa lililokuwa likibaki chini ya magunia nalichanganya na maganda ya matooke yaliyokaushwa na kuchomwa, nashikiza kwa uji wa muhogo, natengeneza briketi. Kwa maharage na kwato hakuna kama hizo, moto unakaa. Kwa chai hazifai, kuziwasha ni kazi.

MamaMapacha
Kaka, hakuna aliyekusema, na hoja yako naikubali zaidi ya unavyodhani. Niongeze moja tu: briketi nazo hutoa ile hewa isiyo na harufu. Nje, nje, nje.

Chandarua_Tu
Dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti wa mwaka 2003 ulikuta moja hutoa vumbi laini sawa na sigara 75 hadi 137. Nimeacha. Jina langu linajieleza.

Gayaza_Road
Mimi ni taka. Tarehe 10 Agosti 2024 rundo la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomokea nyumba za watu na zaidi ya watu 30 wakafa. Tuko jirani. Harufu tuliizoea, nzi tuliwazoea, lakini baada ya siku ile sikuweza tena kufunga mfuko na kusema umeondoka.

Taka za Kampala kwa sehemu kubwa ni maganda na mabaki ya chakula. Maganda kwangu yana ndoo yake, jirani mwenye ng'ombe anatuma kijana kuyachukua, na wakati mwingine inarudi maziwa. Chupa anazichukua mzee mwenye gunia. Kinachobaki ni kidogo mno. Kuchoma nimeacha, hasa nyaya, mabomba na viatu vya plastiki, moshi wake una daioksini, kemikali za sumu, na zile hukaa mwilini miaka. Mwenye nyumba ananiona nina maringo.

Kijana_wa_Ggaba
Nimerudi. Hajati, ofa ya sahani mbili bado ipo? Pia naomba msaada: nina betri mbili za sola zilizokufa ziko chini ya kitanda. Fundi mmoja anataka kuzivunja hapa uani atoe madini ya risasi ya kuyeyusha.

Fundi_Sola, Jinja
Usimruhusu. Vumbi na moshi wa risasi vitabaki kwenye udongo wa ua huo, watoto wanacheza na kuweka mikono mdomoni, na risasi inaharibu akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Asidi usimwage, kifuniko usifungue. Zitoe chini ya kitanda, zisimamishe wima kwenye beseni la plastiki mahali penye hewa. Siku ukinunua mpya zipeleke zikiwa nzima, wauzaji wengi wa betri hukupunguzia bei wakichukua kuukuu. Pima uzito kwanza nyumbani, maana mizani ya baadhi yao ina mambo yake.

Hajati_wa_Oluwombo
Ofa ipo. Njoo Ijumaa baada ya swala, na uje na bakuli, kaveera hainiingii jikoni.