Amemuunguza Shangazi, halafu ananiambia "tia ndimu"!!!

MgosiMidlands ameandika:

Wakuu, naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka mnisamehe.

Mnamjua. Sitaji jina, mods wasije wakanifungia bure. Yule wa kontena. Hakuna harusi ya Waswahili hapa Midlands, Uingereza, ambayo hakufika na buti la gari wazi: mara blenda, mara pasi, mara godoro la mtoto "halijatumika, lilikojolewa mara moja tu". Huyo huyo.

Leo saa mbili usiku, kwenye grupu la watu 214, wakiwemo wakwe zangu na shehe aliyenifungisha ndoa, kanijibu kwa sauti ya sekunde saba. Saba tu. "Kama ameshaiva, tia ndimu." Halafu akacheka. Halafu, na hapa ndipo nilipotaka kurusha simu ukutani, kabla sauti haijakatika unamsikia kabisa anavuta chai. Fyuuu.

TIA NDIMU.

Kwa msiomjua Shangazi: ni chatu. Wale wadogo wa Afrika Magharibi, wa kule Ghana, Togo na Benin, wakishtuka wanajiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ana mita moja na robo, na ndani ya nyumba yetu hakuna mpole kumzidi. Jina nilimpa kwa sababu akikukazia macho unajikuta unaanza kujieleza ulikuwa wapi.

Sasa baridi ya huku mnaijua. Nyoka hana jiko mwilini kama mimi na wewe, joto lake analitafuta nje. Akilikosa, hata panya aliyemmeza hasagiki, anaozea tumboni na baadaye anatapikwa. Hilo nilishaliona mwaka jana kwenye zulia la mke wangu, tusilirudie. Upande mmoja wa tenki unatakiwa uwe kama nyuzi 32, mwingine 25 au 26, ajihamie mwenyewe kama mzee anayefuata kivuli cha mwembe.

Basi nikamwendea huyo bwana. Nikamwambia nataka kitu cha kumpasha nyoka joto, kitu SALAMA. Neno "salama" nililisema mara mbili. Akazama kwenye buti mpaka kiunoni, akaibuka na jiwe. Jiwe la bandia lenye waya mkiani, limepakwa rangi kama mwamba wa kweli. "Hili ndilo wanalotumia Marekani." Pauni 12. Na adapta ya plagi akanipa bure, nikajiona nimeheshimiwa.

Wakuu, lile si jiwe. Lile ni kikaango. Ukilimiminia unga wa maji unakula kibibi.

Jumatano asubuhi namkuta Shangazi amelilalia, katulia tuli. Nikasema mashallah, mtoto anafaidi. Alhamisi yuko pale pale. Ijumaa nikamwinua nimsafishie. Yale magamba mapana ya tumboni, yanayopandana kama mabati ya paa, sita yamekuwa mekundu na ukingoni kahawia, na mawili yamevimba maji kama kidole kilichopigwa na mvuke wa sufuria. Hakufanya kelele yoyote. Alijizungusha tu kwenye mkono wangu, akakaza.

Daktari wa wanyama akanieleza kwamba nyoka akilalia kitu cha moto hakurupuki kama sisi, tumbo lake halimpi habari upesi. Anafuata joto, analikalia, anaungua huku anadhani anaota jua. Pauni 86. Akanipa dawa nyeupe yenye madini ya fedha, ile ile wanayopakwa watu walioungua moto, na akasema yale machujo ya mbao niyaondoe yote, nimlaze kwenye karatasi tupu ili uchafu usigande kwenye kidonda.

Nikaandika kwenye grupu kwa adabu. KWA ADABU. Nilianza na "kaka yangu". Hela sikudai. Nikasema tu kifaa kimemuumiza, tafadhali usimuuzie mwingine. Sekunde saba. Tia ndimu. Fyuuu. Na mama mkwe akaweka kikaragosi cha kucheka, kisha akakifuta. Nilikiona.

Huyu mtu tumfanyeje?

BintiPangani:
Nimesoma kichwa cha uzi nikakurupuka kumpigia mama, nikajua ni shangazi wa kweli. Sasa hivi mama anapiga simu Muheza nzima kuuliza ni shangazi yupi.

KapteniMchele:
Mkuu, una nyoka ndani ya nyumba kwa hiari yako, na malalamiko yako ni kuhusu jiwe?

MgosiMidlands:
Soma uzi vizuri.

KapteniMchele:
Nimeusoma mpaka kwenye fyuuu. Kwetu nyoka akiingia ndani tunaitana na marungu. Wewe unamnunulia hita.

Mzee_wa_Baraza:
Chai hii. Leta picha ya magamba.

MgosiMidlands:
Niliweka, mod kaiondoa. Anasema inatisha.

Mzee_wa_Baraza:
Basi leta hiyo sauti.

MgosiMidlands:
Nimeisikiliza tena sasa hivi, nikirudia na kurudia. Ni sekunde nane, si saba. Fyuuu ndiyo ya nane.

FundiWaya:
Mgosi, geuza hilo jiwe. Chini kuna kibandiko. Kimeandikwa nini?

MgosiMidlands:
120V, 15W. Kwani vipi?

FundiWaya:
Na wewe uko wapi?

MgosiMidlands:
Leicester, unajua.

FundiWaya:
Umeme wa ukutani Leicester ni volti ngapi?

FundiWaya:
Mgosi?

FundiWaya:
Ni 230, ndugu yangu. Adapta uliyopewa bure inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unapita vile vile ulivyo. Volti zikikaribia mara mbili, moto unakaribia mara nne. Jiwe la wati 15 umeligeuza la wati 55. Umemlaza mtoto wa watu juu ya jiko, na plagi umechomeka mwenyewe.

BintiPangani:
Tia ndimu hahahaaa

MgosiMidlands:
Hata wewe Binti?

BintiPangani:
Samahani kaka. Imenitoka.

FundiWaya:
Ila nikutetee kidogo. Hata lingekuwa la 230 ningekuambia liache. Mawe hayo yana doa moja linawaka kuliko kwingine, na nyoka atalala hapo hapo. Nunua mkeka wa joto, uubandike chini ya kioo kwa nje, usizidi theluthi ya sakafu, tenki uliinue kidogo hewa ipite. Na uupitishe kwenye temostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likifika kiasi ulichopanga! Kihisio chake kikae kati ya mkeka na kioo. Bila temostati hata mkeka unachoma. Hiyo ndiyo mlezi wake, wewe ni mlisha panya tu.

MgosiMidlands:
Temostati aliniambia haihitajiki. "Nyoka anajua mwenyewe."

MamaWawili_Northampton:
Sisi tuliweka balbu ya kauri juu ya kabati la nyoka, ile inayotoa joto bila mwanga. Nzuri sana, usiku haimsumbui. Ila mume wangu aliona uvivu kufunga kizimba cha waya kuizunguka. Nyoka akapanda, akaikumbatia. Makovu anayo mpaka leo. Nyoka, si mume. Mume yake yalikuja baadaye.

Mzee_wa_Baraza:
Hebu subirini. Nimegeuza tosta yangu. Nilinunua kwa huyo huyo, Oktoba, kwenye kipaimara. 120V.

FundiWaya:
Ichomoe. Sasa hivi.

Mzee_wa_Baraza:
Ndiyo maana mkate unatoka kama mkaa wa tanuri! Miezi yote hii namlaumu mke wangu.

KapteniMchele:
Mimi ana pauni 40 zangu za mashine ya kufulia. Inafua vizuri, tatizo inatembea. Jana nimeikuta karibu na mlango wa mbele, imeshikilia begi langu.

BintiPangani:
Mimi alinipa pasi inayopata moto ukishaichomoa.

MgosiMidlands:
Jamani, tusitoke kwenye mada. Mnyama wangu ana malengelenge.

MamaWawili_Northampton:
Pole mgosi. Kwani mashine inayotembea iliwekwa kwenye mbao au vigae? Yangu nayo imeanza.

NjoroLimuru:
Niaje watu wa majuu. Nyinyi mna bahati, mnalalamika joto limezidi. Huku Limuru Julai baridi inakuingia mpaka kwa fikra. Mimi nalea vifaranga 300, stima ikipotea ni jiko la makaa. Juzi imepotea masaa sita na nimeamka nikapata wengine wamerundikana kona moja, wa chini wamekufa.

FundiWaya:
Jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa? Njoro, utawaua wote kwa ile hewa, na wewe ukilala humo unawafuata. Acha upenyo juu. Na wakirundikana ujue wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani ujue umezidisha.

NjoroLimuru:
Upenyo nikiacha baridi inaingia boss. Limuru si Mombasa.

MamaWawili_Northampton:
Limuru baridi? Ungekuja Makete. Asubuhi nyasi nyeupe, kama mtu kamwaga chumvi.

Mzee_wa_Baraza:
Makete ni wageni tu wanaoilalamikia. Lushoto ndiyo baridi, inakuja na ukungu, unaongea na mtu humwoni.

NjoroLimuru:
Lushoto ni wapi tena?

BintiPangani:
Mungu wangu. Mgosi, mwambie Lushoto ni wapi.

MgosiMidlands:
Sitaki kuongelea Lushoto. Nimeanzisha uzi kuhusu dhuluma niliyotendewa mbele ya watu 214.

KapteniMchele:
213. Mimi nimejitoa leo, kelele zimezidi.

Mzee_wa_Baraza:
Ila mgosi, tuwe wakweli. Ndimu na nyoka vinaendana?

MgosiMidlands:
Mzee, nakuheshimu. Usinifikishe huko.

MamaWawili_Northampton:
Huyo chatu anakula lakini? Wangu alipoungua aligoma wiki tano, daktari akasema nisimlazimishe, apone kwanza. Akijivua gamba mara mbili tatu utaona tumbo linaanza kurudi. Mpaka hapo usimwache bila joto, joto la hewa tu, asilalie chochote kinachowaka.

MgosiMidlands:
Ahsante dada. Wewe peke yako ndiye umeuliza.

BintiPangani:
Mama anasema shangazi wa Muheza hapokei simu. Nifanyeje?

Muuzaji_Mwaminifu (mwanachama mpya, ujumbe 1):
Habari zenu wapendwa. Mimi ni mgeni humu, sina ugomvi na mtu. Nina temostati mbili mpya kwenye boksi, zimetoka Marekani wiki hii. Adapta natoa bure.

MgosiMidlands:
NI YEYE. Wakuu ni YEYE. Mod!!

FundiWaya:
Volti ngapi hizo?

Muuzaji_Mwaminifu:
Zote. Inategemea unavyochomeka.

NjoroLimuru:
Bei ngapi? Na unaweza leta mpaka Limuru?