Binti wa miaka 15 anaenda bweni na kisukari: nimkabidhi nini kwanza?

MzaziKondele (Kisumu)
Hamjambo wenzangu. Binti yangu ana miaka 15, kisukari aina ya kwanza, na Januari anaingia Gredi ya 10 katika shule ya bweni upande wa Kakamega. Yuko kwenye insulini mchanganyiko ya 70/30 (asilimia 70 ya kazi ya polepole, 30 ya haraka): yuniti 26 asubuhi, 14 jioni. Hadi sasa mimi ndiye ninayevuta dozi na kuandika vipimo. Imebaki miezi mitatu. Nianzie wapi? Na insulini ataiweka wapi, maana bweni halina friji?

MuuguziNakuru
Mama, miezi mitatu inatosha mradi usimtwike yote kwa mpigo. Aanze na kupima, aende kwenye kuvuta na kudunga, halafu kusoma vipimo vinaelekea wapi. Kubadilisha dozi kuwe mwisho kabisa, na hata hapo afanye na kliniki. Kila kazi aifanye wewe ukiwa umenyamaza pembeni. Akishaimudu, afanye peke yake akuonyeshe. Baadaye mnakagua mara moja kwa wiki. Akiteleza, rudini hatua moja tu.

Kuvuta dozi ndiko kunakohitaji jicho. Insulini hii ni nyeupe kama maziwa na hutuama chini ya kichupa. Aiviringishe polepole kati ya viganja mara 20 hadi iwe sawasawa. Asiitikise, povu huingiza hewa kwenye sirinji. Avute hewa ya yuniti 26 aisukume kichupani, apindue kichupa, avute 26, agonge sirinji ili viputo vipande juu, avirudishe, kisha asome tena. Wengi huharibikiwa sirinji inapobadilika: kwenye ile ya yuniti 50 kila mstari huwa ni yuniti 1, kwenye ya yuniti 100 mara nyingi ni 2. Anayehesabu mistari badala ya kusoma namba atajidunga maradufu, na hiyo ni hatari. Mnunulie aina moja tu ya sirinji muhula mzima.

Mfundishe pia kupapasa tumbo na mapaja yake. Vijana hupenda kurudia palepale kwa sababu hapaumi tena. Mahali hapo huota uvimbe wa mafuta, na insulini ikidungwa ndani yake huingia mwilini kwa kubahatisha, leo nyingi, kesho kidogo. Ahame upana wa kidole kila mara. Akitoka kwenye uvimbe akadunga ngozi nzima, dozi ileile inaweza kumshusha, kwa hiyo siku hizo apime zaidi na mwarifu kliniki.

Na tafadhali, usiseme "kipimo kibaya". Sema kiko juu au kiko chini. Mtoto anayegombezwa kwa sukari ya 17 (namba za mashine hapa zote ni mmol/L) wiki ijayo atakuandikia 8 ya uongo daftarini. Jumapili fungueni kumbukumbu ya mashine pamoja, umuulize, "Alhamisi saa kumi hapa kulikuwa na nini?" Homoni za balehe zenyewe hupinga insulini, kijana wa umri huu anaweza kuhitaji yuniti 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, au zaidi. Si kila kipimo cha juu ni uzembe.

MfamasiaWaZiwani (Kisumu)
Nijibu la friji. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinahitaji nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo viombee nafasi kwenye friji ya zahanati ya shule, mbali na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje takriban wiki 4 penye baridi ya kadiri. Chukua chungu kikubwa, weka chungu kidogo ndani yake, jaza mchanga katikati ya vyungu hivyo viwili na uuloweshe maji asubuhi na jioni. Kichupa kiwe ndani ya mkebe mkavu wenye kifuniko, funika chungu kwa kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo. Sanduku la bati bwenini mchana ni tanuri.

Hesabu yako: yuniti 40 kwa siku, kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000, kwa hiyo siku 25. Muhula wa wiki 13 unahitaji vichupa 4. Beba 5, kimoja kikivunjika. Akipima mara 4 kwa siku ni stripu za kupimia 364, yaani boksi 8 za 50. Aandike tarehe ya kufungua kwenye kila kichupa. Ikionekana mabonge au utando ulioganda kwenye kioo, itupwe.

MatroniBonde
Upande wa shule shida huwa ni saa. Akidunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uji uwe mezani saa moja. Sehemu ya insulini inayofanya kazi polepole hupamba moto kuanzia kama muda wa masaa manne baada ya kudunga, kwa hiyo mapumziko ya saa nne lazima ale kitu, na chakula cha mchana kisisogezwe kwa sababu ya mkutano wa gwaride. Kabla ya kulala apime. Akiwa chini ya 6, kikombe cha maziwa na kipande cha mkate. Siku ya michezo sukari inaweza kushuka usiku wa manane, si uwanjani tu.

Chini ya 4: vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, dakika 15, apime tena, arudie ikiwa bado. Pakiti ya glukosi ikae mfukoni mwa sketi. Ndani ya loka haimsaidii mtu. Wafunze wenzake wawili wa bweni: akitetemeka, akitoka jasho jembamba, akiwa mkali ghafla au akiongea ovyo, wampe sukari kwanza na wasimwache atembee peke yake hadi zahanati. Akizimia, hakuna kumnywesha chochote. Wamlaze ubavu na kuita gari.

MzaziKondele (Kisumu)
Asanteni sana. Na akipata malaria akashindwa kula?

MuuguziNakuru
Insulini haiachwi, Mama, hata asipokula. Huenda dozi ikapunguzwa, lakini kwa kuwapigia kliniki. Homa hupandisha sukari. Apime kila saa 3 au 4, anywe maji kidogokidogo mfululizo. Ikizidi 14, apimwe ketoni kwenye mkojo, yaani tindikali ambayo mwili huitoa ukikosa insulini. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kina na pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Wapo wanaopewa dawa ya malaria au ya vidonda vya tumbo huku mwili ukijaa ketoni. Barua ya daktari iliyobandikwa zahanati ya shule ianze na mstari huu: "Akitapika, pima sukari na ketoni kabla ya kumpa dawa yoyote."